Makofi ya Mama Felista

Hii nisingeisimulia kabisa, ila shangazi ameanza kuisimulia mtaani na anaikosea, kwa hiyo naiandika mwenyewe, polepole kama kawaida yangu, mjue aibu ile ilikuwaje na mjue pia kwamba niliitafuta kwa mkono wangu.

Niliishia darasa la saba, nafanya kazi kwenye duka la fotokopi hapa Chikongola, Mtwara mjini, na ni mtu wa haya (mteja akinisalimia kwa sauti kubwa, naitazama mashine). Dada Neema, ambaye wazazi wake walitoka Mbeya kuja kufanya kazi bandarini, ndiye aliyeanzisha kamusi ya Kimakonde ya kwenye simu. Ni programu huria, yaani kila kilichoandikwa ndani yake kiko wazi na mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Alikuwa anakuja dukani kuchapa karatasi zake, akaniona nasoma kila kinachopita, akasema, "Zuhura, husomi haraka, lakini huruki mstari. Nakuhitaji."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kamusi ina nyumba yake halisi mtandaoni, halafu ina nakala kwenye tovuti kubwa inayojulikana na wengi, tunaiita kioo kwa sababu inaonyesha tu kilichopo nyumbani. Kila siku saa saba mchana kompyuta yenyewe huchukua nyumba nzima na kuibandika upya juu ya kioo. Wageni hawaijui nyumba, kwa hiyo maombi yao ya kuingiza mabadiliko huyaleta kwenye kioo, na mimi nilitakiwa niyachukue, niyapeleke nyumbani pamoja na jina la mwenyewe, kisha nimweleze kwa adabu kwamba hapa ni kioo, mlango uko kule. Kitufe cha kijani cha kupokea nisikiguse.

Wiki za kwanza nilikuwa naduwaa tu. Mtu wa nchi ambayo hata kuitamka siwezi alileta ombi la kuondoa nukta moja iliyozidi, nukta moja, katika lugha asiyoijua, na hakudai chochote. Na kila mstari ukiugusa unakwambia nani aliuandika na saa ngapi. Nilijiona kama nimeingia jengo lenye maelfu ya watu wanaofanya kazi kimya, na mimi nimekabidhiwa funguo.

Ndipo akabisha Mama Felista. Anauza ming'oko, vile viazi vya porini, huko karibu na mto Ruvuma, kwao ni ng'ambo, Msumbiji, na alileta maneno arobaini na moja ya kuchimba na kupika ming'oko, jinsi marehemu mama yake alivyoyasema. Juu ya ombi aliandika: "Hodi wanangu. Nimeandika kwa simu siku tisa. Naomba mpokee."

Sasa niambieni, mtu mzima kapiga hodi na mzigo kichwani, mimi nimwambie mama umekosea, hiki ni kioo? Kwetu mgeni unampokea mzigo kwanza, mengine baadaye. Nikabonyeza kijani. Nikaandika, "Shikamoo mama, karibu, tumepokea." Ilikuwa saa nne asubuhi na nilijisikia binti mwenye adabu kuliko wote Mtwara.

Saa saba nyumba ikabandikwa juu ya kioo, na kwa kuwa nyumbani maneno yale hayakuwepo, kwenye kioo nako yakafutika. Saa nane mama akaandika, "Mwanangu, mbona siyaoni?"

"Yanaandaliwa, mama," nikamjibu (uongo huo), na badala ya kumwambia Dada Neema nikakaa siku mbili nikiyaandika upya nyumbani, neno kwa neno, kwa mkono wangu. Yalipotokea nikashusha pumzi, nikasahau kabisa kwamba kila mstari unamkumbuka aliyeuandika.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kijiji cha Ziwani kuwaonyesha watu kamusi, kwenye darasa la shule, picha ikimulikwa ukutani. Mama Felista alikuja na kitenge kipya na mjukuu wake, amemleta aone jina la bibi. Dada Neema, kwa kutaka kunifurahisha, akafungua maneno ya ming'oko, akagusa mstari mmoja mmoja. Zuhura. Zuhura. Zuhura.

"Huyu binti ni wa darasa la saba," akasema. "Mpigieni makofi."

Wakapiga, na mama naye akapiga.

"Kumbe fotokopi nayo inachimba ming'oko," akasema mzee mmoja mlangoni, mteja wetu, na watu wakacheka.

"Bibi, jina lako liko wapi?" mjukuu akauliza.

"Labda ukurasa mwingine," mama akamjibu kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililoniinua kwenye kiti, mimi ambaye sijawahi kusema mbele ya watu watatu.

"Si yangu," nikasema. "Ni ya mama yule. Mimi nilinakili."

Dada Neema akanitazama. "Ulibonyeza kijani?"

"Alipiga hodi, dada."

Hakunigombeza. Alifungua kioo, akatafuta ukurasa wa lile ombi la zamani, na nikaliona limekaa pale zima, hodi yake na maneno yote arobaini na moja. Kioo kilifutika lakini ombi halikufutika. Akaondoa yangu nyumbani, akayaingiza ya mama, akagusa mstari. Felista. Saa kumi na moja alfajiri.

"Nilikuwa nasubiri maji yachemke," mama akasema. Alisogea ukutani kuligusa jina, na mwanga ukampiga, jina likakaa juu ya mkono wake. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Kosa langu nalo halikufutwa. Liko kwenye kumbukumbu za kamusi mpaka leo: Zuhura aliyaandika, ya Zuhura yakaondolewa, Felista ameyaleta, na mtu wa ile nchi nisiyoweza kuitamka anaweza kulisoma. Kijani sikigusi tena maisha yangu yote. Mtu mzima akibisha kwenye kioo namwandikia, "Shikamoo. Mzigo nimeushika, naupeleka ndani pamoja na jina lako," na ninaupeleka kabla sijanywa hata maji.

Mama Felista akija mjini hupita dukani. "Fotokopi, hujambo?" huniita, na mimi naitazama mashine.