Nishikie Usukani

Kabla hujasema hizi ni hadithi za watu wa Ujiji, nenda kwanza kwa Salama. Anakaanga dagaa mtaani kwetu, mkono wa kushoto ukitokea sokoni, wala hana sababu ya kunitetea, maana tumeshagombana mara nyingi kwa ajili ya moshi wake. Mwulize aliona nini Ijumaa ile. Akikwambia hakuona kitu, niite mwongo.

Ilikuwa mchana, hilo nalisema mapema. Jua kali, kuku wamejibanza chini ya mkokoteni. Watu wanadhani mambo haya yana saa zake za usiku. Hayana.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Macho yalipoanza kukataa kutunga uzi, nikageuza chumba changu cha kushonea kuwa banda la gemu. Wanaocheza ni madereva wa bodaboda wakisubiri abiria, vijana wa chuo, na mwalimu mmoja mstaafu anayependa mpira. Mwaka ule nikapata mashine mpya, ya toleo jipya kabisa, na wateja wakaanza kunisumbua: "Mama, mashine hii bila usukani ni nusu." Usukani wa zamani niliuchomeka, mashine ikaandika kwamba haiutambui. Ikabidi niagize mwingine Dar, ukaja kwa basi ndani ya boksi.

Kama hujauona, ni usukani kama wa gari, mdogo kidogo. Unabanwa kwenye meza kwa vibano viwili, na chini sakafuni unaweka pedali za mafuta na breki. Ndani una mota. Gari la kwenye skrini likipita kwenye changarawe, usukani unatetemeka mikononi. Likikata kona, unavuta kama unakukatalia. Wateja waliupenda kabla hata hawajauona. Mimi sijawahi kuendesha gari maishani mwangu. Hata baiskeli, najua kuanguka tu.

Basi Ijumaa ile wanaume walikuwa wamekwenda msikitini, mtaa umetulia. Nilikuwa peke yangu. Nimeufunga usukani kwenye meza yangu ya kukatia nguo, meza ya mninga ambayo watu wanne wanaisogeza kwa shida, nimewasha gemu, najaribu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya pazia la mlangoni.

"Karibu," nikasema.

Akaingia mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati la kijivu la mikono mirefu, kiganja cha kushoto amekikandamiza kifuani kama anayezuia kitu kisidondoke. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Hilo niliona upesi kwa sababu nilikuwa nimetoka kupiga deki, na mjini mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, dada. Nimechoka sana." Lafudhi yake ilikuwa ya milimani, Kiha kitupu chini ya Kiswahili.

"Kaa upumzike. Nikupe maji?"

Habari ya maji hakuijibu. Aliutazama usukani. Wengine wakiuona hucheka, hutaka kuugusa. Yeye aliutazama kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Nikainuka mwenyewe, sijui kwa nini. Akakaa, akaushika.

Sasa sikiliza. Hakutazama skrini. Alitazama juu ya televisheni, ukutani, ambako nimetundika kalenda tu, na akaanza kuendesha. Kwenye gemu gari likagonga ukuta, likasimama, matairi yakawa yanazunguka bure. Yeye anaendelea: anakata kulia, ananyoosha, anakata kushoto polepole, mguu unagusa breki, unaachia. Nilitaka kumwambia, kaka, gari lako limegonga. Jasho lilimtoka usoni likadondokea suruali.

Halafu akanigeukia. "Dada, nishikie."

"Nikushikie nini?"

"Usukani. Mara moja tu. Usiachie, nina watu."

Wewe ungefanya nini? Mtu mzima, mgonjwa waziwazi, anakuomba jambo dogo kama hilo. Nilidhani anataka kutoka akatapike, haya inamzuia kusema. Nikacheka kidogo, nikaweka mikono yangu pembeni ya mikono yake. Ilikuwa ya baridi, baridi ya chuma. Akatoa mmoja, kisha wa pili, akapita nyuma yangu. Nikasikia pazia linasogea. Hatua zake nje sikuzisikia.

Hapo umeme ukakatika. Feni ikasimama, skrini ikawa nyeusi, kile kitaa kidogo cha mashine kikazimika. Na usukani ukavuta.

Ulivuta kwa nguvu kwenda kulia, kama ng'ombe anayekataa kamba. Mota haina umeme, inavuta kwa nguvu ya nani? Nikajiambia ni hitilafu, kitu kipya hiki kimeshaharibika. Nikakasirika. Nikaachia.

Naomba unielewe, sikujua. Niliachia kama unavyoachia kitu chochote kinachokuudhi. Mikono yote miwili.

Usukani ukajizungusha wenyewe mpaka mwisho. Meza ya mninga ikakwaruza sakafu. Na nikasikia mwanamke akipiga ukelele. Haukutoka mtaani, haukutoka kwenye televisheni. Ulitoka ndani ya mbao za meza. Ukelele mmoja, kisha ukawa unabaki nyuma, unafifia, kama mtu unayemwacha barabarani gari likiwa mwendoni.

Nikaurukia ule usukani nikaushika.

Safari hii nilihisi uzito. Nyuma yake kulikuwa na gari zima, limejaa. Nilihisi magunia yanavyoelemea upande mmoja. Nilihisi watu wanavyojikaza. Na barabara ilikuwa inashuka, wallahi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Ujiji, ambako hakuna mteremko. Matairi yakigusa changarawe ya pembeni, usukani unatetemeka; najua nimetoka, narudisha. Ukitulia, najua nipo kwenye lami. Niliendesha kama kipofu anavyotembea kwa kupapasa ukuta.

Ndipo Salama akaingia, mwiko mkononi, kuuliza kama na kwangu umeme umekatika.

"We, unacheza na televisheni imezimwa?"

"Usiniguse! Kuna watu!"

"Watu gani?"

"Kwenye gari! Linashuka, Salama, linashuka!"

Akanishika bega anivute. Wakati huohuo ikaja kona, usukani ukanikokota mikono yote miwili kushoto mpaka kiwiko changu kikampiga tumboni. Akaniachia. Akainama akatazama ukutani, akauona waya wa usukani: umechomekwa kwenye soketi isiyo na umeme. Akatazama sakafuni, akauona udongo mwekundu. Niliona uso wake ukibadilika.

Sasa, mume wa Salama ni dereva wa malori, na Salama mwenyewe amekaa kwenye kebini safari nyingi akimsindikiza. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alisimama pale, akanifokea:

"Kama kuna watu, si ukanyage breki! Una miguu ya nini?"

Niamini, nilikuwa nimesahau kama nina miguu. Nikapapasa chini nikaipata pedali.

"Taratibu! Ukikanyaga yote utawamwaga! Gusa, achia. Gusa, achia."

Nikagusa, nikaachia. Salama anahesabu kwa mwiko hewani na midomo yake inasoma dua. Kona moja. Nyingine. Kisha usukani ukawa mzito kama jembe kwenye udongo wa mvua, kitu laini kikawa kinapigapiga chini yetu, majani labda, halafu ukalegea. Ukafa kabisa mikononi mwangu. Vidole vyangu vilikataa kufunguka. Salama alinifungua kimoja kimoja.

Tulikaa sakafuni. Tuliinuka tuliposikia sauti za wanaume wakirudi kutoka msikitini.

Habari ililetwa saa kumi na madereva wa bodaboda. Lori dogo la kahawa lilikuwa linashuka kutoka Kalinzi kuja Mwandiga, limebeba magunia na watu juu yake. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Dereva akafia kwenye usukani, moyo ulisimama. Waliokaa naye mbele walisema kichwa kiliangukia dirishani na mikono ikadondoka mapajani, na wao woga ukawagandisha. Lakini gari liliendelea kukata kona, moja baada ya nyingine, na breki ikaguswa na kuachiwa, mpaka likaingia kwenye shamba la migomba na kusimama. Wote wazima, isipokuwa mwanamke mmoja. Mwanzoni kabisa gari liliyumba vibaya, akarushwa kutoka juu ya magunia.

Salama alinitazama. Mimi nilitazama mikono yangu.

Tulikwenda msibani Mwandiga, mimi na yeye, tukajifanya tumesindikizana na majirani. Picha ya marehemu ilikuwa mezani. Ni yeye. Shati lingine, lakini ni yeye. Mjane wake alikuwa amekaa mkekani, anawaambia waliomzunguka: "Asubuhi alilalamika kifua. Nikamwambia usiende, akasema watu wananisubiri. Na mmesikia alivyofanya? Amekufa na bado akawafikisha." Alilisema hilo mara nyingi, na kila akilisema mgongo wake unanyooka. Salama alinibana mkono. Ningemwambia nini yule mama? Kwamba mumewe aliomba msaada kwa fundi cherehani wa Ujiji? Nilimpa pole, nikanywa uji, nikaondoka.

Lakini yule mwanamke aliyerushwa hakunipa usingizi. Nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua: gari lile halikuyumba. Liliachiwa. Mwezi mzima nilikuwa nakaa nasimama, napika naunguza, nikisikia mlango napiga kelele. Mwishowe nikachukua bodaboda kutoka Mwandiga kwenda Kalinzi, kumtafuta. Sikuwahi kupita barabara ile. Nilipanda nyuma nimeshika begi, na kila kona, kabla hatujaiona, mikono yangu ilikuwa imeshaikata. Dereva akaniuliza, "Mama, mbona unanisukuma?"

Yule aliyerushwa anaitwa Mama Bukuru, mama wa mapacha wakubwa tayari, mkulima wa kahawa. Nilimkuta barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, umefungwa, nyonga imevunjika. Nikamsalimia, nikaweka sukari na sabuni chini. Akavitazama, akanitazama.

"Mwanangu, wewe ni nani kwangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ninatoka kwenye kikundi cha akina mama. Badala yake yakanitoka yote, kuanzia pazia hadi mwiko wa Salama. Nikamaliza na lile: "Niliachia. Ni mimi niliyeachia."

Akausogeza mguu wake juu ya kigoda. Kisha akasema, "Nilijua. Ukibebwa mgongoni na mtu halafu aache kukushika, unajua. Nilianguka najua kuna mtu ameachia." Akavuta pumzi. "Wajukuu zangu wawili walikuwa kwenye lori lile. Walibaki juu."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, hakunibembeleza, wala hakusema amenisamehe.

"Unajua kuendesha gari?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Sijawahi."

"Basi nenda kajifunze."

Alisema kwa ukali, kama anayemtuma mtoto aliyekwisha kuchelewa. Halafu akaita maji ya kunawa, tukala mihogo.

Nimejifunza. Leseni ninayo, ingawa gari sina. Mguu wa Mama Bukuru haujanyooka, na kila nikipanda huko namkuta anachechemea zaidi. Banda langu bado lipo, njoo ucheze, lakini Ijumaa mchana usukani haukodishwi. Nazima umeme wote, nakaa mwenyewe, naweka mikono. Mara nyingi hakuna kitu. Mara mbili tangu siku ile umevuta, kidogo, kama mtu anayejaribu kamba, kisha ukaacha. Sijui walikuwa nani, wala walifika wapi. Wateja wanasema mama amechanganyikiwa. Waseme.

Na wewe unayesikiliza hapo, nakuonya. Iko siku mtu usiyemjua atakwambia nishikie mara moja tu. Muulize kwanza ana nini, na anakwenda wapi. Ukiona huwezi, kataa. Si dhambi kukataa. Lakini ukishaweka mikono, hata kama kila unachokiona kinakwambia ni upuuzi, usiachie.