Mteremko Wasikolala Wachungaji

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mlima ulishuka juu ya nyumba yetu kule Kivu. Mama alikuwa ndani anapika. Shule yangu ikaishia hapo, darasa la nne. Milima sikuisomea basi. Ilinifundisha kwa fimbo.

Hapa Johannesburg nimeendesha kombi zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana Mkenya mmoja tunayesali naye, mtaalamu, alinikodi nimpeleke milimani, mpakani na Lesotho. Kampuni yake ilitafuta mahali pa hoteli ya watalii wa kuteleza kwenye theluji.

"Watu watalipa ili waanguke kwenye baridi?"

"Mzee, wewe endesha tu."

Tuliangalia miteremko mitatu. Alipima upepo, mwinuko, na maji ya mto, maana mbingu zikikataa, kuna mashine za kutengeneza theluji. Wa tatu ulikuwa na kila kitu: unatazama kusini, jua haliufikii sana, barabara iko karibu. Alifurahi kama mtu aliyeposa akakubaliwa.

Mimi nikatazama chini. Kote tulikopita kulikuwa na vibanda vya mawe vya wachungaji. Hapa nyasi nzuri, maji karibu, kibanda hakuna hata kimoja. Na mawe makubwa yamekalia nyasi mbichi, kama yamefika juzi.

"Hapa pasijengwe," nikasema. "Tuwaulize wachungaji."

"Wachungaji hawana vipimo, mzee."

"Wana ng'ombe, na hapa hawawalazi."

"Hiyo ni milima yenu ya Congo, ya udongo. Huu ni mwamba."

Tukiwa njiani kurudi akasema atahitaji mlinzi wa kulala kwenye kontena la vifaa chini ya mteremko ule. Sisi tuliofika mji huu bila karatasi tuna tabia moja: kazi ikitajwa, unamtaja mtu wako kabla msemaji hajafunga mdomo. Nikamtaja mkwe wangu. Ardhi niliyotoka kuikataa, nikampeleka mume wa binti yangu akalale juu yake.

Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia simu. Kwanza alilalamikia baridi. Halafu, "Baba, vijiwe vinashuka. Vidogo tu, kama mtu anatupa." Halafu, "Mlango wa kontena siku hizi haufungi."

Binti yangu alikuwa jikoni kwangu, akacheka. "Mwambie apunguze kula, anainamisha kontena."

Sikucheka. Mlango wa mama nao uligoma kufunga wiki ile mlima uliposhuka. Aliupaka mawese.

Chai niliiacha mezani. Nilifika huko alasiri.

"Panda gari."

"Baba, kazi ulinipa mwenyewe, sasa unaninyang'anya? Mlima si huo umesimama?"

"Hata wetu ulisimama."

Nikalitupa begi lake kwenye kombi. Akapanda akinuna.

Nilimweleza Mkenya habari ya mlango. Akasema wameukwangua kwa chini, sasa unafunga vizuri. Kuna mlinzi mwingine. Msingi wa hoteli umeanza kuchimbwa, na mlima haujashuka.

Leo nina kombi mbili, moja haitembei. Nina nyumba ya vyumba saba mtaa wa Bellevue, vitano vina wapangaji. Nina jokofu, suti mbili, na cherehani ya marehemu mke wangu. Nina mkwe asiye na kazi. Anakula mezani kwangu kila siku, na hanisalimii.