Baba Anateremka

Enzi za Mwingereza nilikuwa mkalimani wa hospitali mjini Bukoba, na nilijivuna kwelikweli. Shuleni niligundua kwamba Mwingereza hawezi kutaja jambo lijalo bila kulitembeza. Mvua haijanyesha, husema inakwenda kunyesha. Mwanafunzi mvivu anaelekea kufeli. Mgonjwa mwenye nafuu anakuja vizuri. Hata sisi husema mvua inakuja, lakini kwake kila tarajio lina miguu: akishaona umeelekea wapi, anajua utafika wapi. Nilikuwa nikimcheka.

Kisha baba yangu akaletwa kutoka Muleba kwa lori la kahawa, tumbo limemvimba. Mama, ambaye kwa Kihaya nilimwita Mawe, alikaa naye wodini. Jumatatu daktari, Mwingereza, alinivuta kando akaniambia baba anateremka mlima, na Jumapili haendi kuifikia. Nilielewa yote. Asubuhi ile ile, kitanda cha jirani, nilikuwa nimewatafsiria watu wa Kaagya habari kama hiyo kuhusu ndugu yao, neno kwa neno, bila sauti kutetemeka.

Mama aliniuliza mzungu amesema nini. Kwetu Wahaya, mtoto akitamka kifo cha baba yake ni kama amekiita. Na baba alikuwa hajatoa wosia. Wosia hutolewa nyumbani, mbele ya mashahidi wa ukoo, ndipo ajulikane omusika, mrithi wa kibanja, yaani shamba la migomba la familia. Alikwisha kumwahidi mama kwamba atanitaja mimi, ili mama azeekee kwenye migomba aliyoipalilia mwenyewe. Akifa kimya, ukoo ungemweka kaka yangu, mtoto wa mke wa kwanza, ambaye hata salamu ya mama alikuwa haitikii. Ilipasa baba arudishwe nyumbani siku hiyo hiyo.

Nikamwambia mama kwamba baba anakuja vizuri, tusubiri dawa. Nilijidanganya kuwa nashika mila. Ulikuwa woga mtupu, na nauchukia hadi leo.

Alhamisi baba akakata roho. Tulimrudisha Muleba kwa lori, mama amekipakata kichwa chake njia nzima. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walimkalisha kaka kwenye kiti cha baba. Haukupita mwezi, akamwambia mama arudi kwa ndugu zake.

Nilikwenda kumbebea mizigo. Nilimkuta anakunja mkeka wake. Aliniuliza bila kuniangalia, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, Mawe."

Aliufunga mkeka kwa kamba ya mgomba, akalikaza fundo.

"Watu wa Kaagya uliwaambia," alisema. "Nilikusikia."