Sura Hairukwi

Juzi niliikuta riwaya ile niliyomsomea Bibi utotoni, kwa muuza vitabu vya mitumba. Mimi ni mtu wa ndani, hata kuku wa jirani hawanifahamu, kwa hiyo niliisoma yote, kurasa mia sita.

Mchana ule kwetu Chemchem, Bibi alikuwa akikaanga karanga, nami nikimsomea. Hakujua kusoma, ila alitaka kujua kama kijana wa kitabuni atarudi kwa mama yake. Mwanawe, baba yangu mdogo, alikuwa amepanda treni ya Mpanda, na barua hazikuja.

Nje wenzangu walikuwa wakiruka kamba; nikafunua kurasa kadhaa kwa mpigo.

"Mke mwenzangu, nakuona. Usiruke sura. Sura hairukwi," alisema Bibi.

Nilidhani hiyo ni sheria ya msahafu tu. Nikafunga kitabu. "Hakurudi, Bibi. Mwisho."

"Haya. Kacheze." Akajifuta macho, nikajua ni moshi.

Jioni alikunja godoro la baba mdogo, akampa jirani. Mpaka Bibi anafariki, hakumtaja tena.

Kumbe kijana wa kitabuni anarudi. Sura ya mwisho, anamkuta mama yake mlangoni. Niliisoma kwa sauti, peke yangu sebuleni, polepole, nisiruke hata neno.