Siku Niliyompigisha Magoti Mama Mkwe

Nichekeni tu jamani, maana aibu niliyoipata haifichiki: mimi, diwani mzima, nilimpigisha mama mkwe wangu magoti mbele ya kata nzima.

Nilifundisha darasa la nne hapa hapa Pasiansi, Mwanza, miaka kumi na tisa, na sitawadanganya, tangu nipate udiwani sijawahi kulala na raha kama ile ya kulala na vumbi la chaki kwenye kucha. Nyumba ikajaa wageni toka alfajiri, simu haikauki sikioni, na mke wangu Neema nikawa namtolea maagizo tu kama mtendaji wa kata (leta chai, wape viti, niletee koti). Hakugombana. Alifunga begi akarudi kwao Magu, huu ni mwezi wa tano tangu aondoke, na nimemkumbuka hadi kelele zake za kuniambia nivue viatu mlangoni.

Basi siku ya mkutano wa hadhara wa mambo ya maji nikaamua kuacha miwani nyumbani, eti kwa sababu kwenye mabango ya kampeni sikuivaa. Nikasimama jukwaani naona rangi tu, watu siwaoni. Maswali yakawa makali, kelele zikazidi, na kule nyuma kulikuwa na kitenge cha kijani kinaongea hakinyamazi, ualimu ukanipanda kichwani nikafoka kwenye kipaza sauti:

"Wewe mama wa kitenge cha kijani! Njoo mbele! Piga magoti hapa mpaka nimalize!"

Watu wakaangua kicheko. Yule mama akaja taratibu, akapiga magoti vumbini, na hapo ndipo nilipomtambua. Mama yake Neema! (Kwetu Wasukuma mkwe unampisha njia, hata macho humkazii, mimi nimempa adhabu.) Nikashuka mbio, nikapiga magoti na mimi, suti na yote.

"Mama, nisamehe, sikujua ni wewe."

"Nilikuwa namwuliza jirani kama mkwe wangu amekula," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kata nzima ikasikia. "Neema aliniambia umekuwa mtu wa kuamrisha tu. Nikambishia, nikapanda basi nije nikuone mwenyewe. Sasa ngoja nirudi nikamwombe radhi mwanangu."

Akajikung'uta magoti, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Naapa mbele yenu, mtu mzima sitamwamrisha tena maishani mwangu, awe mkwe au asiwe mkwe. Kila Jumamosi nakwenda Magu, nakaa uani kwenye kigoda, naulizwa habari za safari, kisha naambiwa Neema yuko kwenye majaruba ya mpunga. Juzi niliikuta khanga yake kambani, bado inachuruzika maji. Nikajua yumo ndani, nikatamani kuita jina lake. Nikaaga kwa adabu, nikarudi Mwanza.