Bangili ya Kukataa

Arlene Niemi alikuwa nesi wa utafiti, kazi ambayo watu wa mji ule wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, hawajaielewa mpaka leo. Walijua tu kwamba palipo na kahawa ya bure yeye hakosi, na boksi lake la bangili za plastiki za rangi ya chungwa.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Madaktari walikuwa wakijaribu dawa ya kuzuia damu kwa majeruhi: nusu wapewe dawa, nusu maji ya chumvi, na hata nesi asijue nani kapata nini. Lakini mtu anayevuja damu huwezi kumwuliza kama anakubali. Ndiyo maana sheria ilitaka mji mzima uulizwe mapema, watu wangali wazima, na asiyetaka avae bangili. Arlene akazunguka kanisani, kwenye bingo, mpaka uwanja wa hoki.

Kanisani ndipo shemeji yake Wendell, mume wa mdogo wake Lorna, alipomnyooshea mkono mbele za watu, mdomo umejaa mkate wa iliki.

"Nivishe, shemeji! Mimi si panya wako wa maabara."

"Panya angalau ana akili. Lete huo mkono."

Ukumbi ukaangua kicheko, Arlene naye. Akamfunga bangili isiyotoka mpaka ikatwe. Tangu hapo Wendell akaifanya ndiyo salamu yake. Jumamosi akitoka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, mwili ungali unamfuka, humpungia Arlene mkono ule dirishani na kupaza sauti, "Hunipati ng'o!" Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani hukumbuka methali akiwa anacheka?

Novemba, mti ambao Wendell alikuwa akiukata kwa ajili ya kuni ulimwangukia kiunoni. Alifikishwa chumba cha dharura hajitambui, na Arlene alikuwa zamu. Daktari alikuwa ameshika pakiti ya utafiti alipouona mkono wa mgonjwa.

"Arlene, hii bangili ni yake kweli?"

Alijua ni mzaha. Kama kuna mtu aliyejua, ni yeye. Lakini ni yeye pia aliyewafundisha wote kwamba bangili haijadiliwi, aliyeivaa amekwisha sema.

"Ni yake. Nilimvisha mwenyewe."

Pakiti ikarudishwa. Wakamwongezea damu, wakampasua, wakafanya mengine yote yanayofanywa. Wendell alikata roho kabla ya chakula cha mchana.

Mkono ule haukumwacha Arlene. Akimimina kahawa, anauona pembeni mwa jicho ukiinuliwa. Akifungua mlango wa sauna, umo ndani ya mvuke, na bangili yake ya chungwa. Wendell mwenyewe, Arlene hakumwogopa hata kidogo. Alichoogopa ni swali la daktari, na jibu lake. Lorna hakuwahi kuuliza kilichosemwa chumba cha dharura, naye Arlene hakuwahi kumwambia, na kimya hicho kilikula nao mezani kila Jumapili.

Utafiti ulipokwisha, matokeo yalisomwa kanisani palepale, maana mji ulioulizwa lazima ujibiwe. Dawa ilikuwa imefaa. Si kwa wote, lakini iliokoa wengi kuliko maji ya chumvi. Watu wakapiga makofi. Lorna hakupiga. Alimfuata dada yake kwenye meza yenye boksi jipya la bangili, za utafiti mwingine, wa dawa ya maumivu.

"Dada, ingemponya?"

"Sijui, mdogo wangu. Alikuwa na bangili, daktari akaniuliza, nikasema ni yake. Hata asingekuwa nayo, huenda angepata maji tu. Hakuna atakayejua."

Lorna akaigusa bangili moja ndani ya boksi. "Ilikuwa inamwasha. Wiki ile ya ajali aliniomba mkasi. Nikamwambia ngoja Jumamosi, dada akukatie mwenyewe, tupate kucheka." Akanyoosha mkono juu ya meza. "Haya, nivishe na mimi."

Arlene akachukua bangili.

"Lorna, unamaanisha kweli, au unanitania?"

"Na yeye ulimwuliza hivyo?"

Nyuma yao watu walikuwa wakigombea mkate wa iliki.

"Hapana," akasema Arlene. "Nilicheka."

Lorna hakuurudisha mkono.