Maziwa ya Kusafisha Kifua

Kiwanda alichofanyia kazi baba yangu, kule Changamwe, kilikuwa na dawa ya vumbi: maziwa. Baba alikata mabati ya asbestosi kwa msumeno, leso ya mama ameifunga puani, na ifikapo saa ya chai kila mfanyakazi hupewa pakiti moja asafishe kifua. Waliamini wote, kuanzia msimamizi hadi bawabu. Vumbi huingia mapafuni na maziwa huenda tumboni, na mpaka leo sijamwona wa kunionyesha njia ya panya kati ya mapafu na tumbo.

Baba hakuyanywa. Aliyaleta nyumbani Junda mfukoni mwa koti, yamekwisha kuwa vuguvugu, tukagawana mimi na dada zangu. Alipostaafu, kampuni ilimzawadia mabati yenye nyufa, akaezekea nyumba yetu, na majirani wakatuonea kijicho. Asante ya punda ni mateke, lakini punda huyu alituongezea na paa juu yake.

Sasa baba hawezi kufika kanisani bila kukaa njiani apumue. Daktari alisema vumbi lile limemganda mapafuni na halitoki. Tukatafuta wakili, tukadai fidia. Baba hakutaka makuu. Alitaka mtungi wa oksijeni hapo nyumbani, apate kulala chali kama watu.

Alipohojiwa mbele ya mawakili, alieleza kwa fahari jinsi alivyotulea kwa maziwa ya kiwandani. Wakili wa kampuni akalidaka hilo neno. Akajibu kwamba mabati hayana madhara yoyote, na kwamba kinga ilitolewa kila siku. Kama mzee aliwapa watoto kinga yake, huo ulikuwa ukarimu wake mwenyewe. Nilitamani kumtupia kiti.

Juzi kampuni ilituma wataalamu wawili waje kukata kipande cha paa wakakipime. Walishuka garini wamevaa mavazi meupe ya plastiki toka utosini hadi unyayoni, glavu, miwani, na barakoa zenye vichujio vilivyotokeza kama pua za nguruwe. Kwa mabati yasiyo na madhara, walikuwa wamejipamba haswa.

Kwa mama, mgeni hatoki kinywa kikavu. Aliwaandalia mahamri na chai ya maziwa. Wakatikisa vichwa.

"Samahani, mama. Haturuhusiwi kuvua hizi humu ndani."

"Humu ndani?" Mama alitazama juu. "Na sisi tunaolala humu je?"

Baba alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja mpaka tukamshika mabega. Nilidhani ndio mwisho, nikaogopa sana. Pumzi ilipomrudia kidogo, aliwasogezea vikombe.

"Vueni tu, wanangu," akasema. "Kunyweni maziwa. Husafisha kifua."